Bikoni Kabla ya Ramani ya Jengo: Uchambuzi wa Kisa cha Shamba Moja la Mamboleo, Kisumu

Kisa hiki kinahusu shamba la familia lililoko upande wa Mamboleo, mashariki mwa barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kakamega. Shamba lina mita 69 kutoka kaskazini hadi kusini, na mita 150 kutoka barabarani kuelekea mashariki, yaani ekari mbili na nusu na ziada kidogo. Baada ya mzee mwenye shamba kufariki na mirathi kukamilika, mjane wake na watoto wao saba walikubaliana kuligawa, ili ploti nyingine zijengwe nyumba za kupangisha na nyingine ziuzwe. Mpima ardhi alileta mchoro ambao umezoeleka katika viunga vyote vya mji: njia ya mita 9 inayokata katikati kutoka magharibi hadi mashariki, na ploti 10 kila upande, kila moja ikiwa na mita 15 kwa 30, kipimo kinachokaribia kile kinachojulikana mtaani kama 50 kwa 100, kwa futi. Niliombwa kuupitia mchoro huo kabla bikoni, yaani alama za mipaka ya ploti, hazijapandwa.

Familia ilitaka kujua kama mgawanyo ni wa haki na kama maji ya mvua yatapata pa kupita. Mambo hayo mawili hayakuwa na tatizo. Lililonisumbua ni jingine: kwamba mistari ile ilikuwa imekwisha kuamua, kabla ya msanifu yeyote kuitwa, ni joto kiasi gani litakaloingia katika vyumba vya watu, na kwa hiyo ni hewa ya ukaa kiasi gani majengo hayo yatakayotoa kwa muda wote yatakaposimama. Zaidi ya theluthi moja ya hewa ya ukaa inayotokana na nishati duniani hutoka katika kujenga na kuendesha majengo, na mjadala wa suala hili kwa kawaida huanzia kwenye vifaa: taa, majiko, mitambo ya jua juu ya paa. Shamba hili linaonyesha kwamba inafaa kuanza mapema zaidi, kwenye umbo la ploti.

Ili kuelewa kwa nini mchoro kama huu huletwa bila kuulizwa maswali, ni lazima kukumbuka jinsi Kisumu ilivyokua. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, mji ulipangwa kwa makundi: wazungu mlimani penye ploti pana, Wahindi katika mitaa ya maduka, na Waafrika pembezoni. Maeneo kama Manyatta na Nyalenda yalikuwa ardhi ya koo, na yaliingizwa rasmi ndani ya mipaka ya manispaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, yakiwa tayari yanagawanywa na familia zenyewe. Tangu hapo, katika sehemu kubwa ya mji huu, anayechora mtaa ni familia pamoja na mpima wake. Mamboleo inapitia hali hiyo hiyo leo. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua hewa ya ukaa ya majengo ya Kisumu inapangwa wapi, aangalie meza ya sebuleni ambapo watoto wa marehemu wanagawana urithi.

Sasa tuingie katika vipimo vyenyewe. Ploti ya mita 15 kwa 30 inapoacha mita 1.5 kila ubavu, mita 4.5 mbele na mita 3 nyuma, hubaki nafasi ya jengo la mita 12 kwa 22.5, yaani mita 270 za mraba kwa kila sakafu. Mwenye ploti anayetaka kodi nyingi hupandisha ghorofa nne, akapitisha korido katikati kwa urefu wote wa jengo, na kupanga vyumba kushoto na kulia. Kwa kuwa njia ya shamba inakwenda mashariki, ploti zote zimelala kaskazini–kusini, na majengo yote yatalala hivyo hivyo. Kila jengo litakuwa na mita 45 za ukuta unaotazama mashariki au magharibi. Tukizidisha kwa ploti 20 na kwa kimo cha mita 12, tunapata mita 10,800 za mraba za kuta za mashariki na magharibi. Shamba lenyewe lina mita 10,350 za mraba. Kuta hizo zitazidi ukubwa wa shamba.

Ubaya wa kuta hizo unatokana na mahali tulipo. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kusini yake kwa kiasi kidogo sana. Jua la mchana halipandi upande mmoja wa mbingu mwaka mzima kama ilivyo katika nchi za mbali. Mwezi Juni huegemea kaskazini, Desemba kusini, na Machi na Septemba hupita juu ya utosi. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini ni rahisi kuukinga. Mwezi Juni, jua likiwa kileleni, upenuo wa paa wa sentimita 90 hutia kivuli karibu mita mbili za ukuta wa kaskazini ulio chini yake. Ukuta wa magharibi haukingiki kwa njia hiyo. Saa zetu za Afrika Mashariki huhesabiwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ilhali Kisumu iko karibu na nyuzi 34.75, kwa hiyo jua hapa hufika kileleni kwa wastani dakika 40 hivi baada ya saa sita, na alasiri yetu ni ndefu kwa saa za ukutani. Saa kumi na dakika arobaini, mwezi Machi, jua liko nyuzi 30 tu juu ya upeo, na upenuo ule ule wa sentimita 90 hukinga nusu mita ya ukuta. Sehemu iliyobaki hupigwa moja kwa moja, wakati ambapo hewa ya nje nayo imefikia joto lake la juu, nyuzi 29 au 30 katika siku nyingi za mwaka.

Ukuta wa tofali la saruji lenye unene wa sentimita 20 haupitishi joto hilo papo hapo. Hulihifadhi, kisha hulitoa ndani ya chumba saa kadhaa baadaye, watu wakiwa wamerudi kazini, wakipika, na watoto wakijaribu kulala. Hapa ndipo umbo la ploti linapokutana na mtambo wa umeme. Takriban sehemu tisa kati ya kumi za umeme wa Kenya hutokana na vyanzo jadidifu: mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Sehemu ndogo ya mitambo ya mafuta iliyobaki huwashwa hasa jioni, kati ya saa moja na saa tatu usiku, mahitaji yanapopanda. Chumba kinachopata joto la alasiri usiku huomba umeme katika saa ile ile ambayo umeme wetu ni mchafu zaidi.

Yeyote anayelijua suala hili atakuwa na pingamizi hapa, na ni pingamizi la haki. Majengo yakiwa na mwanya wa mita 3 kati ya moja na jingine, kila moja litamkinga mwenzake. Ni kweli. Jua la nyuzi 30 linapopita katika mwanya wa mita 3 hushuka kwa mita zisizofika 2 kwenye ukuta wa jirani, kwa hiyo mtaa ukishajaa, ghorofa ya juu ndiyo itakayoteseka na zilizo chini zitakuwa kivulini. Lakini mtaa wa aina hii haujai kwa siku moja. Ploti moja hujengwa leo na ya pili yake ikakaa na mahindi miaka kumi, na muda wote huo ukuta wa magharibi uko wazi kabisa. Siku jirani anapojenga, kivuli kinakuja pamoja na giza: dirisha la ghorofa ya chini halioni mbingu ila ule ukanda mwembamba ulio juu kabisa, na taa huwaka mchana. Ninakubali kwamba taa za siku hizi hutumia umeme kidogo. Kilicho kizito zaidi ni kwamba pamoja na mwanga, mwanya huo unanyimwa pia upepo.

Upepo ndio mali kubwa ambayo Kisumu imepewa bure. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji ya Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria, hewa yake huinuka, na hewa baridi ya ziwani huingia kuchukua nafasi. Usiku mambo hugeuka, hewa ikashuka kutoka vilima vya Nandi kurudi ziwani. Njia ya ndege katika uwanja wa Kisumu imelazwa kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, ikiafikiana na upepo huo wa alasiri. Kwenye shamba letu, upepo utokao kusini-magharibi utakuta ubavu wa jengo la kwanza, na nyuma yake ubavu mwingine, na mwingine, kumi mfululizo, kila mmoja ukiwa umesimama kama bango mbele ya mwenzake. Ndani, korido ya katikati inatenganisha chumba cha magharibi na cha mashariki, kwa hiyo hata hewa kidogo iliyoingia kwa dirisha moja haina pa kutokea. Mpangaji atafungua dirisha na mlango, ataona jirani wa ng'ambo ya korido anamtazama, na ataufunga mlango.

Mpangaji mwenye uwezo hatimaye hununua kiyoyozi, na ni katika kiyoyozi ndipo hesabu ya Kenya inapotofautiana na ile ya nchi zinazochoma makaa ya mawe kwa umeme. Tuchukue kiyoyozi kinachokula kilowati moja, saa sita kwa siku, siku 250 kwa mwaka: ni kilowati-saa 1,500. Kwa umeme ambao sehemu yake ya kumi tu ni ya mafuta, kila kilowati-saa hubeba takriban gramu 70 za hewa ya ukaa, kwa hiyo mwaka mzima ni kama kilo 105. Sasa tuangalie gesi iliyomo ndani ya mtambo. Kilo moja ya R-410A, aina iliyotumika sana katika viyoyozi vya nyumbani, hunasa joto zaidi ya mara 2,000 ya kilo moja ya hewa ya ukaa, ikipimwa kwa miaka 100. Ikivuja yote, kwa sababu fundi aliilegeza nati au mtambo ulitupwa jalalani bila gesi kutolewa, umetoa sawa na tani mbili, yaani umeme wa karibu miaka 20 wa mtambo huo huo. Ndiyo maana nchi zilikutana Kigali mwaka 2016 kukubaliana kupunguza gesi za jamii hii. R-32, ambayo imeanza kuchukua nafasi yake, ina takriban theluthi moja ya nguvu hiyo, na bado si kitu kidogo. Kwa mji wenye umeme safi kama wetu, faida kubwa ya mpangilio mzuri wa mtaa si kupunguza saa za kiyoyozi. Ni kumfanya mtu asifikirie kabisa kukinunua. Umeme unapokatika, jambo ambalo watu wa magharibi mwa Kenya wanalijua vyema, jenereta huingia, na kila lita ya dizeli ni kilo 2.7 za hewa ya ukaa.

Pendekezo nililolipeleka kwa familia halikugusa idadi ya ploti wala njia. Ploti zilibaki 20, kila moja mita 15 kwa 30. Kilichobadilika ni mahali jengo linapokaa ndani ya ploti. Badala ya jengo moja nene lililozungukwa na vichochoro, kila ploti ingekuwa na mikono miwili ya jengo, kila mkono ukiwa na mita 15 kwa 9, ukigusa mipaka ya pembeni na kutumia ukuta mmoja na jirani. Mkono wa mbele unakaa mita 1.5 kutoka njiani, unafuatwa na ua wa mita 7.5, kisha mkono wa nyuma, na mita 3 za mwisho zinaachwa wazi. Jumla ya sakafu ni zile zile mita 270 za mraba kwa kila ghorofa. Lakini mikono hiyo ikiungana kutoka ploti hadi ploti huwa safu ndefu za mashariki–magharibi, zenye madirisha kaskazini na kusini. Kuta za mashariki na magharibi zilizo wazi hubaki kwenye ncha za safu nne tu: mita 72 kwa kila sakafu badala ya 900. Nyumba yenye kina cha mita 9 hupitisha hewa kutoka dirisha hadi dirisha, na upepo wa kusini-magharibi huzikuta safu hizo kwa pembe ya mshazari, ukiwa na njia ya kati pamoja na nyua mbili ndefu za kupitia, mradi nyua hizo zisikatwe kwa kuta za mpaka.

Saruji nayo ina hesabu yake, na haiegemei upande wetu kabisa. Tani moja ya klinka, kiini cha saruji, hutoa kama tani 0.8 hadi 0.9 za hewa ya ukaa, na zaidi ya nusu ya hiyo hutoka katika chokaa chenyewe kinapovunjika kwa moto, hata kama tanuri lingechomwa kwa nishati safi. Kuta za nje na za pamoja katika mpangilio wa safu ni mita 78 kwa kila ploti kwa sakafu, dhidi ya mita 69 za jengo la kawaida. Ngazi ni mbili badala ya moja. Kinachorudisha mizani ni korido: jengo la kawaida hutumia mita 33.75 za mraba, sehemu moja ya nane ya sakafu, kwa korido isiyolipiwa kodi, pamoja na mita 45 za kuta zinazoizunguka. Katika safu, ngazi moja huhudumia nyumba mbili kila ghorofa na korido haipo. Kwa maoni yangu matumizi ya saruji yatakaribiana, na sikuiambia familia kwamba wataokoa hapo. Faida iko katika miaka ya baadaye.

Niseme pia kwamba jibu hili ni la Kisumu. Nakuru iko juu zaidi, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari ikilinganishwa na takriban mita 1,140 za hapa, na usiku wake ni wa baridi. Ukuta wa mashariki unaopokea jua la asubuhi huko ni neema, na nishati ya nyumba hupotea zaidi katika kupasha maji ya kuoga. Mtu asiuchukue mchoro huu akaupeleka Naka au Lanet, mitaa ya Nakuru, kama ulivyo.

Mama wa familia alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo lilikuwa zito kuliko yote ya kitaalamu. "Mwanangu, huo ukuta wa watu wawili, mmoja akiuza kwa mgeni, ukuta unakuwa wa nani?" Sheria inalo jibu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inaruhusu haki na masharti kuandikwa juu ya hati, yakamfunga mnunuzi wa baadaye kama yalivyomfunga wa kwanza. Haki ya kuegemea ukuta, haki ya kupita chini ya mkono wa mbele kwenda nyuma, na sharti la kutokata ua kwa ukuta, yote yanaweza kuandikwa. Ugumu ni kwamba lazima yaandikwe kabla ya hati kutengana, wakati ardhi yote bado iko mikononi mwa familia. Hati 20 zikishatoka, kuwapatanisha watu 20 ni kazi nyingine kabisa. Ndiyo sababu ninasisitiza bikoni: kuna wiki chache tu ambapo mtaa mzima unaweza kupangwa kwa saini za nyumba moja.

Mtoto wa kwanza alikuwa na shaka nyingine. Kama jirani hajajenga, si huo ukuta wa pamoja utabaki wazi ukipigwa na jua kama ule wa mwanzo? Alikuwa sahihi, na shaka yake ilitupa kanuni ambayo sikuwa nimeiandika: safu ijengwe kuanzia magharibi kwenda mashariki. Jengo la kwanza linabeba ncha ya magharibi, ambayo itakuwa wazi daima na kwa hiyo inapangiwa ngazi, stoo na matangi ya maji badala ya vyumba vya kulala. Upande wake wa mashariki, unaosubiri jirani, hupigwa na jua la asubuhi tu, hewa ikiwa bado haijapata joto. Kila anayefuata humfunika aliyetangulia.

Hapo utaratibu wa jua ukagongana na utaratibu wa familia. Kwa desturi ya Waluo, wana hujenga nyumba zao katika boma kwa kufuata kuzaliwa, na mdogo hamtangulii mkubwa. Ploti ya magharibi kabisa, iliyo karibu na barabara kuu, ilikuwa ya kijana wa kwanza, ambaye hakuwa na fedha za kujenga mwaka huo. Mwenye fedha alikuwa binti wa tatu. Mazungumzo yalichukua jioni nzima, na mama ndiye aliyeyamaliza: "Hizi ni nyumba za biashara. Dala yetu, boma la nyumbani, iko Kajulu, na huko kila mtu atajenga kwa zamu yake." Kaka na dada walibadilishana ploti katika safu ya kaskazini, na tofauti ya thamani ikawekwa katika hesabu ya mauzo.

Kwa sasa ploti 10 za kaskazini zinabaki kwa familia, na ombi la kibali cha ujenzi limeandaliwa likiwa na mchoro wa safu nzima, ingawa anayejenga ni mmoja, ili maafisa wa mipango wa kaunti waone kwamba ukuta usioacha nafasi pembeni ni sehemu ya mtaa uliopangwa. Kwa ploti za kusini, ambazo nyingi zitauzwa, wakili ameagizwa kuandika masharti ya ukuta wa pamoja na ya ua ndani ya hati kabla ya kupokea hata amana moja. Wanunuzi wawili waliokuja mapema walitaka kujenga wanavyojua wenyewe, na familia iliwarudishia pesa zao.